Kambi za wavulana Marekani: kwa nini tajiri alipe maelfu ya dola mwanawe akafagie kibanda na kulala porini wiki saba?

#1 Mama_Amani (Portland, Maine)
Jambo ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, maana nyumbani hatuelewani. Mwanangu ana miaka kumi na mmoja. Mwalimu wake amemtafutia nafasi kwenye kambi ya wavulana watupu hapa hapa Maine, kando ya ziwa, wiki saba, na ada yote inalipwa na mfuko wa kusaidia watoto. Wenyeji wanalipa dola elfu kumi na zaidi kwa nafasi hiyo hiyo. Nimesoma karatasi walizotuma: simu marufuku, mtoto anatandika kitanda mwenyewe, anafagia, anasafisha choo kwa zamu, anaandika barua kwa mkono, na siku nyingine analala kwenye hema mbali na kambi.

Mume wangu amekulia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Kigoma. Anasema hakuvuka bahari ili mwanawe arudi kulala chini ya turubai. Mtoto mwenyewe anataka sana, hata usingizi hapati. Nauliza mambo mawili. Wanafanya nini kutwa nzima? Na hao matajiri wanatafuta nini hasa, kulipa pesa yote hiyo mtoto akafanyishwe kazi?

#2 Ngosha_Geita
Hongera mama. Swali la pili ni jepesi: kilimo. Marekani ilikuwa nchi ya wakulima, shule zikafungwa miezi ya joto ili watoto wakasaidie shambani. Trekta zikaja, likizo ikabaki palepale, wazazi wakakosa pa kuwaweka watoto. Kambi zimezaliwa hapo.

#3 Mwl_Historia
Ngosha, hilo linasemwa kila mahali lakini halisimami. Mkulima anamtaka mtoto wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na Julai kule si hiki wala kile. Shule za vijijini karne ya 19 zilikuwa na muhula wa baridi na muhula wa joto, zikifungwa katikati kwa ajili ya shamba. Za mijini ndizo zilikaa wazi karibu mwaka mzima. New York mwaka 1842 watoto walikuwa darasani zaidi ya siku 240. Likizo ndefu imetoka mjini: majengo yasiyo na hewa, hofu ya magonjwa, na wenye pesa waliokuwa wanaondoka kwenda milimani na baharini hata shule ikiwa wazi.

#4 bint_Muskat
Kwa joto namuunga mkono mwalimu. Huku kwetu Juni ikiingia, mchana hutoki nje. Mwenye nafasi anafunga mizigo kwenda Salalah, kule ni msimu wa khareef, ukungu na manyunyu. Watu wanapiga mahema, wanachoma nyama, watoto hawataki kurudi. Sasa fikiria mji wa karne iliyopita kabla ya viyoyozi.

#5 Mtumbwi_Begani
Mama Amani, mimi nimelea vijana kwenye kambi ya wavulana Maine misimu kadhaa, kwa ile viza ya J-1 ya vijana wa kiangazi. Nikueleze siku ilivyo.

Saa moja na nusu asubuhi tarumbeta inalia. Nje, bendera, kifungua kinywa. Baada ya hapo usafi. Kila kibanda kina gurudumu la karatasi ngumu lililopigwa msumari katikati, lina majina pembeni na kazi ndani. Linasogezwa hatua moja kila asubuhi: leo wewe ufagio, kesho choo, keshokutwa kuanika mataulo, na mmoja anabahatika kukosa kazi. Halafu anapita mkaguzi na karatasi ya alama. Nimemwona mtoto wa mtu mwenye ndege yake binafsi akilia kwa uchungu kwa sababu mchanga uliobaki chini ya kitanda chake umewanyima wenzake alama. Hakuna aliyemgombeza. Kesho yake alifagia mpaka chini ya dabodeka ya jirani.

Kisha vipindi: kuogelea, tanga, mitumbwi, mishale, useremala, tenisi, besiboli. Chakula cha mchana kwenye meza ndefu, na nyimbo za kugonga meza mpaka vikombe vinaruka. Baada ya kula ni saa nzima ya kulala au kukaa kitandani kimya. Hapo ndipo barua zinaandikwa, wengine wanasoma katuni, wengine wanakoroma. Alasiri ziwani tena. Jioni kambi nzima inagawanywa pande mbili, wanawindana msituni kila upande ukitaka kuiba bendera ya mwenzake. Usiku moto, hadithi, na tarumbeta ya mwisho, ule wimbo wa jeshi la Marekani wa mwaka 1862.

Simu hawaikumbuki baada ya siku chache. Wazazi ndio wanaoikumbuka.

#6 Skauti_Nyeri
Mmemsahau mwenye mali. Kambi za wavulana zilianza na Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907. Wavulana wapatao ishirini, doria nne, yaani vikosi vyenye majina ya wanyama na ndege: Mbwamwitu, Fahali, Kunguru na Sululu. Asubuhi waliamshwa kwa pembe ya tandala aliyoitoa vitani Afrika kusini. Na mzee mwenyewe amelala hapa kwetu Nyeri tangu Januari 1941. Mkija niwapeleke kaburini.

#7 Mwl_Historia
Skauti, pembe ya tandala ni kweli na kaburi ni kweli. Ila mwanzo sio. Mwaka 1861 Frederick Gunn, mwalimu wa Connecticut, aliwatembeza wanafunzi wake kwa miguu hadi pwani wakakaa kwenye mahema wiki mbili. Mwaka 1881 Ernest Balch akafungua kambi ya Chocorua kisiwani, ziwa Squam, New Hampshire. Mwaka 1885 Camp Dudley ikaanza na vijana saba wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo, na mpaka leo ipo, New York, kando ya ziwa Champlain. Hao wote wametangulia Brownsea kwa zaidi ya miaka ishirini.

Na Balch ndiye anayejibu swali la mama. Alichukizwa na watoto wa matajiri waliokuwa wanapitisha kiangazi kwenye hoteli bila kufanya lolote, wanahudumiwa kuanzia asubuhi. Chocorua hapakuwa na mtumishi hata mmoja. Wavulana walipika, wakaosha vyombo. Aliyetaka pesa ya ziada aliifanyia kazi palepale kambini. Kazi ndiyo ilikuwa bidhaa yenyewe.

#8 Skauti_Nyeri
Nakubali tarehe. Lakini Balch aliwachukua matajiri peke yao. Brownsea walichanganywa watoto wa Eton na Harrow, shule za wakubwa, pamoja na watoto wa wafanyakazi wa Poole na Bournemouth, wakala chungu kimoja. Uingereza ya 1907 hilo lilikuwa jambo zito, na ndilo lililokwenda dunia nzima, Kenya na Tanganyika zikiwemo. Mtoto wa Mama Amani akienda kwa ufadhili akalala kibanda kimoja na mtoto wa bilionea, hiyo ni Brownsea.

#9 Mzee_wa_Newala
Nimesoma toka juu. Mnazunguka mbali, jambo lenyewe mnalijua. Hili ni jando. Mtoto wa kiume anatolewa kwa mama, anapelekwa porini na wenzake wa rika moja, analala pamoja nao, anafundishwa nyimbo, anafanyishwa kazi, habari za nyumbani hazimfikii. Sisi Wamakonde na jirani zetu Wayao tunapeleka watoto wakati wa likizo za shule. Wazungu waliacha la kwao zamani, wakaona wavulana wanakua bila kuvushwa, wakabuni hili. Limekosa ngariba tu.

#10 Bukusu_Damu
Mzee nakuheshimu, hapo siko nawe. Kwetu ni Agosti ya miaka shufwa, na kijana akishapita kisu hairudiwi. Yuko ng'ambo nyingine ya maisha, ana rika lenye jina, mama yake mwenyewe anambadilishia namna ya kumsemesha. Kambi unarudi mwaka kesho, na mwaka kesho kutwa. Unatoka mtoto, unaingia mtoto.

#11 Mzee_wa_Newala
Mjukuu wangu, muulize Mtumbwi hao waliorudi miaka mitano, wakawa walezi wa wadogo zao, kama walibaki watoto. Hata jandoni walioingia zamani ndio wanaowalea wapya.

#12 Mtumbwi_Begani
Mzee, hapo umegusa. Nusu ya walezi niliofanya nao kazi walikuwa wamekulia kambi ileile. Na kuna kambi, Camp Dudley aliyoitaja mwalimu ni mojawapo, ambapo kila kijana anapewa namba yake siku ya kwanza na anabaki nayo maisha yote. Wazee wenye mvi wanasalimiana kwa namba.

Lakini kilichonigusa zaidi ni safari za mtumbwi. Mto ukiisha unatoka majini, unabeba kila kitu mpaka maji mengine. Vyombo vya kupikia na chakula vinakaa kwenye sanduku la mbao, na sanduku linabebwa mgongoni kwa mkanda mpana unaopita juu ya kipaji cha uso. Nilisimama nikatazama. Ni vile vile cucu wangu, yaani bibi, alivyobeba kuni Murang'a, shingo mbele, mikono inashika mkanda pembeni ya masikio. Mtoto wa miaka kumi na minne wa New York anabeba hivyo, matope mpaka magotini, mbu usoni, na anaimba. Wazungu wamejifunza kwa wenyeji wa asili wa misitu ile. Nilimrekebisha namna ya kuinamisha shingo, siku ile nikawa mwalimu wa kambi nzima.

#13 Shangazi_Lewiston
Mimi nasafisha nyumba za hao wanaolipa. Mnatafuta falsafa ndefu. Wazazi wote wawili wanafanya kazi, shule imefungwa wiki kumi, hakuna bibi wala shangazi nyumbani. Ukijumlisha yaya, safari, chakula na televisheni ya kutwa, kambi inaingia akilini. Na mume na mke wanapata nafasi ya kuonana. Bosi wangu aliniambia hivyo waziwazi, na sikuona aibu yoyote machoni mwake.

#14 Wakili_Kinondoni
Shangazi, hiyo inaeleza kwa nini wampeleke mahali. Haielezi kwa nini huko, wavulana watupu, na bei hiyo. Kinachonunuliwa pale ni watu. Mtoto anakaa kiangazi baada ya kiangazi na vijana watakaokuja kuwa mahakimu, wenye benki, wabunge. Umefua soksi na mtu mkiwa na miaka kumi na miwili, ukimpigia simu akiwa na arobaini anapokea. Mama, kwa hilo peke yake mpeleke.

#15 Muuguzi_Leeds
Naongeza kitu ambacho hakijasemwa: polio. Kabla ya chanjo ya Salk mwaka 1955, kiangazi ndicho kilikuwa msimu wake. Mwaka 1916 mlipuko wa New York uliua watu zaidi ya 2,000 katika jiji hilo peke yake, na wenye uwezo walitoa watoto mjini kwa wingi. Mabwawa ya kuogelea yalifungwa, sinema watoto walikatazwa. Mzazi wa wakati ule akiambiwa kuna ziwa safi na hewa ya misonobari, haulizi bei.

#16 Ngosha_Geita
Muuguzi, mwalimu amesema kambi zipo tangu 1861. Polio ya 1916 imezizaaje?

#17 Muuguzi_Leeds
Sikusema imezizaa. Nimesema iliwatia wazazi haraka. Kuzaliwa na kukua ni mambo mawili.

#18 Mwl_Historia
Na maskini hawakuachwa kabisa. Mwaka 1877 mchungaji Willard Parsons wa Sherman, Pennsylvania, aliwaomba waumini wake wawapokee watoto wa mitaa ya mabanda ya New York kwa mapumziko. Mfuko uliotokana na hapo, Fresh Air Fund, unaendelea mpaka leo. Kwa hiyo ufadhili kama wa mtoto wa Mama Amani ni wa zamani karibu sawa na kambi zenyewe.

Juu ya hoja ya Mzee wa Newala: wapo waliochukua mila za wenyeji wa asili wa Marekani makusudi kabisa. Mwandishi Ernest Thompson Seton, mwaka 1902 pale Cos Cob, Connecticut, alikuwa anaharibiwa uzio na vijana wa kijijini. Badala ya kuwashtaki akawaalika kwenye kambi kwenye shamba lake, akawapa baraza, vyeo na moto wa usiku kwa mfano wa makabila ya wenyeji. Baadaye kambi nyingi zikajipa majina ya makabila hayo na kuvaa manyoya bila kuwauliza wenyewe, wakati watoto wa wenyeji hao walikuwa wanapelekwa shule za bweni wasiruhusiwe kusema lugha yao. Hilo linaniuma. Siku hizi baadhi ya kambi zimeacha.

#19 Mama_Amani
Asanteni sana, nasoma kila neno. Mume wangu ameanza kusoma na yeye. Amesema hoja ya wakili haimhusu, lakini ya mkanda wa kipajini alirudia mara ya pili. Anauliza: mtoto akipotea porini? Na wanasema watapanda mlima Katahdin.

#20 Chagga_Halisi
Katahdin una mita 1,600 na kidogo, si ndiyo? Lango la Marangu lenyewe, pale unapoanzia kupanda Kilimanjaro, liko juu kuliko kilele hicho. Shemeji alale usingizi.

#21 Mtumbwi_Begani
Chagga, njoo upande halafu uandike tena. Njia ya juu ina mahali panaitwa Ukingo wa Kisu, mwamba mwembamba, huku shimo na huku shimo. Hali ya hewa inageuka ghafla, ukungu unashuka humwoni wa mbele yako.

Baba Amani, nakujibu kwa ukweli. Julai 1939 mvulana wa miaka 12, Donn Fendler, alipotea mlimani pale akiwa na familia yake, si kambi. Alitangatanga siku tisa, bila viatu mwishoni, akafuata kijito mpaka akatokea kwa watu akiwa hai. Kila mtoto wa Maine anajua habari yake. Kwetu tulitembea mlezi mbele, mlezi nyuma, hesabu kila kituo, na mingurumo ikisikika tunashuka hata kilele kikiwa kinaonekana.

Ziwani ni kali zaidi. Gatini kuna ubao mkubwa wenye ndoano, kila mtoto ana kidude chake cha duara chenye jina. Haingii majini bila mwenza. Filimbi ikilia, wawili wawili wanashikana mikono na kuinua juu, tunahesabu jozi kwa jozi mpaka ilingane na ubao. Isipolingana, wote nje, na sisi walezi tunashikana mikono mstari mmoja tunatembea majini tukipapasa chini kwa miguu. Nilipoona inafanyika, ilikuwa mtoto ameenda chooni bila kugeuza kidude chake. Mstari ulipita vilevile, hakuna aliyesema tusubiri kidogo.

#22 Chagga_Halisi
Nimekuelewa mkuu. Lakini Marangu bado ni juu zaidi.

#23 Skauti_Nyeri
Kuna jambo zito kuliko mlima na hakuna aliyelitaja. Mtoto wa kiume anakabidhiwa kwa watu wazima asiowajua wiki saba bila simu. Mama, waulize kambi kabla ya kutia saini: walezi wanachunguzwaje rekodi zao? Je, ni marufuku mtu mzima kubaki peke yake na mtoto mahali pa faragha? Mtoto akionewa anamwendea nani, na huyo mtu anakufikiaje wewe? Sisi skauti hatuendi safari na mtu mzima mmoja, angalau wawili. Kambi nzuri itakujibu kwa maandishi bila kukasirika. Ikizungukazunguka, mrudishe nyumbani hata kama ni bure. Na mwambie mwanao mapema: siri yoyote ambayo mtu mzima anamwomba amfichie mama, hiyo asifiche.

#24 Shangazi_Lewiston
Skauti, Mungu akubariki kwa hilo. Chapisha, mama, uende nalo.

#25 Pemba_Toronto
Na sisi wenye watoto wa Kiislamu? Nyama ya nguruwe na sala inakuwaje?

#26 Mtumbwi_Begani
Kwenye fomu kuna sehemu ya chakula, andika kila kitu. Mpishi wetu alikuwa na orodha ukutani. Nilikuwa na kijana wa Kisomali kutoka Lewiston, aliswali nyuma ya kibanda, na wenzake walijua wakati ule hawapigi mpira upande ule. Ila kambi nyingine zina ibada ya Jumapili kwa wote, hilo uliza mapema.

Mama Amani, mengine ya haraka. Jaribio la kuogelea ni siku ya kwanza na maji ni baridi, mpeleke bwawani kuanzia sasa. Kupe wa kule wanaleta ugonjwa wa Lyme: mfundishe kujikagua nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele kila usiku. Jina lake kwenye kila soksi, vinginevyo hurudi nazo. Bahasha zenye stempu na anwani yako tayari.

#27 Mama_Amani
Baba yake anasema akienda bwawani atampeleka mwenyewe. Sijui kama hiyo ni ndiyo. Lakini mmesema nywele. Wiki saba, nani atamnyoa huko? Ana nywele nzito, na watoto wenzake sidhani kama kuna wa kufanana naye.

#28 Mtumbwi_Begani
Mnyoe kabla hajaenda, mfungashie mafuta yake na kitana chake cha meno mapana. Mimi nilikwenda na mashine yangu, wakagundua, na kila Jumamosi kulikuwa na foleni mlangoni kwangu, hata walezi wa kutoka Skotilandi. Uliza kama mwaka huu wameajiri mlezi Mwafrika. Wakisema yupo, mtumie salamu kupitia mtoto na umwambie abebe mashine.

#29 Ngosha_Geita
Hoja ya kilimo bado sijaiacha. Mwalimu, vipi watoto wa mashamba ya viazi kule kule kaskazini mwa Maine? Nimesikia shule zao zilikuwa zinafungwa wakati wa kuvuna.

#30 Mwl_Historia
Kweli kabisa, kaunti ya Aroostook. Zilifungwa Septemba kuingia Oktoba. Julai walikuwa likizo kama wengine.